Kamba Mikononi mwa Baba Mkwe

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa sababu nimeambiwa niandike. Dhruv, mwalimu wetu wa kupanda ukuta, ametugawia madaftari na kusema kila siku ya mazoezi tuweke tulichofanya na tulichoogopa. Ati hatasoma. Kijana wa miaka ishirini na saba, hana hata mtoto, anataka nijieleze. Haya basi. Naogopa kuanguka. Daftari la kurasa arobaini na nane ni la nini?

Kiwanda cha chai kimetuma watu watatu: Mogaka wa boila, Mathew Anyona wa mashini, na mimi Esnah, wa stima. Tangu fundi mmoja ateleze kwenye paa mwaka jana akavunjika nyonga, hakuna kupanda juu bila cheti. Mtihani ni tarehe moja Juni. Mimi ni kibarua mwaka wa nne sasa, na meneja amesema wazi mbele ya watu: nikipata cheti naandikwa kazi, nikikosa nafasi yangu anapewa mwingine. Hakuna la katikati.

Ukuta uko Kisii mjini, ndani ya godauni ambalo mzee Ishwar, baba yake Dhruv, alikuwa akiweka simiti. Ni mbao tupu kutoka chini hadi mabati, mita tisa, zimejaa vishikio vya rangi rangi. Dhruv anasema alijaribu kuchongesha vingine kwa yale mawe laini ya Tabaka, vikawa vinateleza, akavitupa. Angalau ana akili kidogo.

Leo nimepanda mita mbili. Nikashuka.

Sasa jambo lenyewe. Dhruv ametupanga wawili wawili kwa uzito, mmoja apande, mwingine abaki chini akishika upande wa pili wa kamba, iliyozungushwa kwenye chuma kule juu. Mogaka ni mzito, atakuwa na Dhruv mwenyewe. Mimi nimepewa Mathew. Nilimvuta Dhruv kando nikamwambia haiwezekani. Mathew ni ndugu mdogo wa baba ya mume wangu. Ana miaka arobaini na moja, mimi nina thelathini na nne, lakini kwetu huyo ni baba mkwe, umri hauulizwi. Hatupeani mkono. Hatukai benchi moja. Nikimwona njiani napisha. Tunaita chinsoni, ile aibu na heshima ya wakwe, na si mchezo. Leo asubuhi alipanda nyuma ya pikapu ya kiwanda akanyeshewa mpaka Kisii, na kiti cha mbele kando yangu kilikuwa wazi.

"Aunty, ni kamba tu," Dhruv akasema. "Hakuna mtu anashikwa."

Uongo. Kabla ya kupanda, mwenzako anatakiwa ashike mkanda wako kiunoni na avute fundo, aangalie kwa macho na kwa mkono. Mathew alisimama hatua tatu kutoka kwangu, akatazama dirisha, akasema, "Sawa."

Na mimi nilipotakiwa kuangalia breki ya chuma inayozuia kamba kwenye mkanda wake, nilitazama viatu vyangu nikasema sawa.

Jumapili, 16 Machi

Nimejifunza kwamba miguu ndiyo inapanda. Mikono ni ya kukushikilia tu. Unasimama kwa ncha ya vidole vya miguu, unanyoosha mikono ili isichoke, unasogeza kiuno karibu na ukuta, kisha unasukuma kwa mguu. Nimeandika ili nisisahau, maana nikifika mita tatu nasahau hata jina langu.

Halafu kuna kuachia. Ukifika juu, unatoa mikono yote miwili na kukaa kwenye kamba kama mtu aliye kwenye kiti, na mwenzako anakushusha polepole. Mogaka, kilo tisini na kitu, amefanya siku ya kwanza akicheka. Mimi nimekataa. Nilishuka kwa miguu yangu, kishikio kwa kishikio. Dhruv anasema mtihani unataka kuachia. Nikamwambia Juni iko mbali.

Jumapili, 23 Machi

Stima imepotea mji mzima. Tumerudi nyumbani.

Jumapili, 30 Machi

Mita tano. Jasho la mikono likawa linaloweka ule unga mweupe tunaojipaka.

Mathew anavuta kamba sana. Mkanda unanibana mpaka nahisi nanyanyuliwa. Dhruv alimwambia, "Mzee, legeza kidogo, mwache apumue." Akalegeza, baada ya dakika akavuta tena. Nafikiri ananidharau. Nafikiri anataka nichoke, niache, ile kazi wabaki nayo yeye na Mogaka, mwanamke arudi shambani. Hajawahi kuniambia neno zaidi ya hilo "sawa" lake, na hata hilo analiambia dirisha.

Mume wangu Bosire ananiambia nisimfikirie vibaya baba yake mdogo. Ni rahisi kwake. Si yeye aliyening'inia.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili iliyopita nilikuwa zamu. Leo nimefika juu, nikagusa mabati. Mvua ilikuwa inapiga nje na bati lilikuwa linatetemeka, na mimi pamoja nalo.

"Achia, Aunty," Dhruv akaita.

Sikuachia. Nilitazama chini nikaona utosi wa Mathew, na nikawaza, kamba yangu iko kwa mtu asiyeweza hata kunitazama. Nikashuka mita tisa zote kwa miguu. Mogaka akauliza kwa Kigusii kama huko juu naatamia mayai, maana nakaa sana. Kila mtu akacheka, hata Meena, mama yake Dhruv, aliyekuwa ametuletea chai. Meena anaongea Kigusii safi kuliko watoto wangu, na utani wenyewe akautafsiri vizuri zaidi kwa mzee Ishwar, wakacheka mara ya pili.

Nilicheka pia. 

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Godauni limefungwa. Nashukuru Mungu, na najua hiyo si sala ya Pasaka.

Jumapili, 27 Aprili

Leo mwandiko ni mbaya, nisamehewe.

Saa tano mvua ilikuja na upepo. Mfereji wa paa ukapasuka na maji yakaanza kuingia kwenye duka la vifaa la mzee Ishwar hapo kando, upande wa rangi na simiti. Meena akaita kwa sauti. Dhruv akatuambia tuendelee na njia ya vishikio vya njano, ile rahisi, akamchukua Mogaka wakabebe magunia. Tukabaki wawili ndani ya godauni, mimi na baba mkwe wangu, na mlango umefungwa kwa sababu ya maji.

Asiyejua mambo yetu ataona ni kitu kidogo. Sikujua nitazame wapi. Yeye aligeuka mpaka akawa kama anaongea na ukuta. Nilitaka kitu kimoja tu, niwe juu, mbali naye, haraka. Nikachukua kamba, nikafunga fundo la umbo la nane, nikapitisha ncha kwenye mkanda. Hapo ndipo unatakiwa urudishe ile ncha ifuate njia yote ya fundo la kwanza, ndipo linashika. Radi ikapiga. Nikashtuka, nikageuka mlangoni. Nilipogeuka tena, mikono yangu ilifikiri imemaliza.

"Sawa," Mathew akaliambia dirisha.

"Sawa," nikaviambia viatu vyangu.

Nikapanda. Nilipanda vizuri, niseme ukweli, kuliko siku zote. Miguu kwanza, mikono imenyooka. Mathew alikuwa anavuta kamba kwa nguvu kama kawaida yake, nikawa namlaani kimoyomoyo. Nikafika juu, nikagusa bati. Nikajiambia leo nitaachia. Hakuna mtu wa kunicheka, leo ndiyo leo. Nikatoa mkono mmoja.

Lakini mimi ni mwoga. Mwoga huangalia kwanza. Nikainamisha macho kiunoni, na fundo halikuwepo.

Lilikuwa limepanda, liko mbele ya uso wangu, nane moja peke yake. Kutoka hapo kamba ilishuka, ikapita kwenye mkanda bila kufungwa popote, na ncha iliyobaki ilikuwa ndefu kama kiganja changu. Kila Mathew alipovuta, ilikuwa inatoka kidogo. Alikuwa ameivuta kutoka chini mpaka juu, naye anadhani ananishika.

Nikasema, "Usivute." Sauti haikutoka. Bati lilikuwa linanguruma. Nikaona kamba inasogea tena, ncha ikawa vidole vitatu.

Miaka kumi na mmoja nimeolewa katika boma lile na sijawahi kumwita mtu yule. Kama nina neno naye, napitia kwa mke wake. Nilifungua mdomo nikapiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi.

"Baba, usivute. Sijafungwa."

Akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza nimeona macho yake. Ni ya kahawia, na yalikuwa yamejaa hofu kuliko yangu. Akalegeza kamba ili isinitoke, na kwa kulegeza, uzito wa kamba ya upande wake ukavuta ile ncha ikateleza yote. Ikapita kwenye mkanda, ikaniacha, ikaning'inia kando yangu. Nilijaribu kuinyakua kwa mkono mmoja na mguu ukateleza. Nikarudi kukumbatia ukuta. Kamba ikaenda.

Sikulia. Nilisikia mkojo na nikauzuia, hilo tu ndilo nakumbuka.

Mathew aliacha breki, akaja akasimama chini yangu kabisa, kichwa juu. Mwanamume kusimama chini ya mke wa mtoto wake na kumtazama miguu na kiuno. Huko nyumbani watu wangeziba macho.

"Usitazame kamba," akasema. "Kamba imeenda. Mguu wa kulia. Teremsha. Kidogo tena. Kushoto kwako, kuna cha njano. Hapo. Simamia."

"Siwezi."

"Umeshuka hivi kila Jumapili. Wengine hawajui kushuka, wewe unajua. Nyoosha mikono."

Ni kweli. Mogaka angekuwa ameshaachia kitambo, akaanguka. Mimi nilikuwa nimeshuka ukuta ule kwa miguu wiki baada ya wiki kwa sababu ya woga, na miguu ilikuwa inaijua njia. Tukashuka hivyo. Yeye anasema, mimi nasimamia. Mara mbili goti lilianza kucheza kama cherehani akaniambia niteremshe kisigino, nikateremsha, likatulia. Katikati nilikosa kishikio, nikawa natafuta hewani kwa mguu, natafuta, vidole vya mikono vinafunguka vyenyewe. Ndipo nikahisi mkono umeshika kifundo cha mguu wangu. Alikuwa amepanda mita mbili bila kamba kuja kunifikia. Akauchukua mguu wangu akauweka kwenye cha njano, akaukandamiza mpaka nikasimama.

Tulipofika chini hatukutazamana. Alifungua mlango akatoka akaenda kwenye mvua. Nilitapika kwenye ndoo ya unga mweupe. Dhruv aliporudi amelowa simiti akauliza nani ameharibu unga wake.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilikuwa nasikia methali hiyo kanisani na kwenye matanga. Leo nimeielewa kwa mwili.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeenda kazini. Nimebadilisha balbu. Sikupanda ngazi, nilimwita kibarua mwingine.

Jumapili, 4 Mei

Mathew hakuja. Bila mwenza sipandi, nilikaa kwenye gunia nikimtazama Mogaka. Dhruv amekosa usingizi kwa aibu kwamba alituacha, macho mekundu. Nilipomweleza kwa nini Mathew hakuangalia fundo, hakucheka safari hii. Aliuliza, "Kwa nini hamkuniambia?" Nikamjibu nilikuambia siku ya kwanza.

Bosire alilazimika kumwambia baba yake, mzee Okemwa, kwamba nimeguswa. Jambo kama hilo halifichwi. Amerudi jioni amejikunja.

"Mzee amesema uache hiyo kazi ya kupandapanda."

"Mzee ndiye ataniandika?"

"Esnah, usinijibu hivyo. Hata mimi naogopa. Ulikuwa ufe."

"Kama ni kuogopa, mimi ndiye bingwa. Lakini miaka minne nimefunga nyaya za kiwanda kile kama kibarua. Siachi."

Nikaingia jikoni nikalia juu ya sufuria ya mboga za managu. Nilisema siachi kwa sauti kubwa, na ndani nilikuwa naomba mtu aniamuru niache.

Jumapili, 11 Mei

Linda, mke wa Mathew, amekuja kunisaidia kuchuma chai. Tuko karibu rika moja, na mdomo wake hauna breki. Safari hii alichuma mistari miwili kimya, nikajua ametumwa.

"Ameniambia nikuulize kama utamsamehe."

"Nimsamehe nini? Alinishusha."

"Kwamba hakuangalia." Akaweka majani kwenye kikapu. "Unajua yeye Jumapili hali chochote asubuhi? Nilidhani amefunga. Kumbe ni wewe. Ati ukimfia mikononi atarudi na uso gani. Ndiyo maana anavuta hiyo kamba."

Nikaacha kuchuma. Miezi miwili nimemwona mtu wa dharau, kumbe mwoga mwenzangu.

Linda akaniambia Mathew ameenda kwa ndugu yake Okemwa, akasimama nje ya mlango, akasema: aibu ya kugusa fundo ataibeba yeye, hata kama atatozwa mbuzi, lakini aibu ya maiti hawezi. Mzee hakujibu. Alitoka akaenda kumwangalia ng'ombe wake. Kwa Okemwa hiyo ni ruhusa, Linda anasema, maana angekataa tungesikia mpaka Magwagwa.

Jumapili, 18 Mei

Amekuja. Alienda kwanza kwenye mfereji wa nje akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha kwa leso safi. Dhruv na Mogaka walijifanya wanakunja magodoro ya mazoezi.

Nilifunga fundo. Akasogea. Nilitazama bati juu. Nikahisi fundo linavutwa, mara moja, mara mbili, na nikamsikia akihesabu kama kamba zinakwenda mbili pamoja kila mahali kwenye fundo: mbili, mbili, mbili, mbili, mbili.  Kisha hakusema "sawa", akasema, "Limefungwa."

Zamu yangu ikafika. Nikashika breki yake, nikageuza pete ya chuma, nikabonyeza kuona kama inafunguka. Haikufunguka. "Imefungwa," nikasema. Uso ulikuwa unaniwaka moto.

Nikapanda mpaka juu. Sikuachia. Mwili umekataa. Kila nikitoa mkono mmoja naona ile ncha inateleza.

Jumapili, 25 Mei

Sikuachia. Nimebaki na wiki moja. Dhruv amesema kwa upole kwamba mtihani hauna nusu. Nimemwambia najua kusoma.

Jumapili, 1 Juni

Mkaguzi anaitwa Palak, ametoka Nairobi, mfupi, hatabasamu, ana ubao wa kuandikia. Mogaka alipita kwanza. Akaachia kama anajitupa kitandani.

Kisha sisi. Mathew alinawa mikono. Palak akaandika kitu, sijui ni nini. Mathew akashika fundo, akahesabu, akavuta. Akahesabu tena. Palak akasema inatosha. Mathew akahesabu mara ya tatu.

Njia ya mtihani ilikuwa ya kijani, ngumu kuliko ya njano. Nilipanda kwa kile nilichofundishwa, miguu, kiuno, mikono imenyooka. Kamba haikunivuta. Ilikuwa inapanda nami taratibu, na hilo lilinitisha zaidi, maana nilikuwa nimezoea kubanwa. Nikafika juu. Bati lilikuwa kimya, hakukuwa na mvua. Palak akaita niachie.

Nikaangalia fundo. Lilikuwa zima. Nikaangalia tena. Nilijua ni zima na mikono haikufunguka. Nikasikia mikono imeanza kujaa uchovu, na nikajua baada ya muda mfupi nitaanza kushuka kwa miguu, na hapo ndipo kazi inaisha.

Nikaita, mbele ya watu wote wale. "Baba, umeangalia?"

"Nimeangalia," akajibu. Alikuwa ananitazama, kichwa juu. "Nimeshika kwa mkono wangu."

"Naogopa."

"Hata mimi. Kaa tu."

Nikafungua mkono wa kushoto. Nikafungua wa kulia. Nikakaa.

Kamba ilishuka kidogo kama shibiri moja, kisha ikashika. Nilining'inia pale hewani, miguu imeukanyaga ukuta, nikisikia sauti ya ajabu, na ilikuwa pumzi yangu. Alinishusha polepole mpaka Palak akamwambia anaweza kuongeza kasi. Hakuongeza.

Wote watatu tumepita. Meena alinikumbatia akaniambia kwa Kigusii kwamba alikuwa amefumba macho.

Jumamosi, 7 Juni

Sabato. Tumetoka kanisani, nilikuwa nimeanika viatu vya watoto uani. Nikamwona Mathew anakuja kwa njia ya kawaida, amevaa koti. Alipoona niko uani alikata kulia, akapita mbali, nyuma ya migomba, kwenye matope, akazunguka mpaka kwa kaka yake. Alinisalimu kutoka huko akilitazama shamba la chai. Nilimjibu nikiitazama nyasi.

Jumatatu tunapanda paa la kiwanda, mimi na yeye. Barua yangu ya kazi iko kabatini. Nimeshaanza kuogopa, na najua na yeye ameanza.